Hamu si utamu: tunachokosea kuhusu methadoni Malindi

Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, kuna swali limetoka kwenye ofisi za afya likashuka mpaka barazani kwetu hapa Malindi: kliniki inayowapa waraibu wa unga, yaani heroini, dawa ya kunywa iitwayo methadoni, huduma iliyosimama miaka kumi kwa kuegemea fedha za wafadhili, sasa italipiwa na nani? Swali hilo limemwamsha mwenzake wa zamani, ambaye hakuwahi kulala usingizi mzito: kwani ilipiwe ya nini? Nimesikia Shela, nimesikia Maweni, nimesikia nje ya msikiti baada ya alasiri, watu wazima wenye heshima zao wakisema kuwa methadoni ni unga wa serikali. Kwamba kijana anayetaka kuacha huacha, na asiyetaka akivuna alichopanda hana wa kumlaumu. Na kwamba shilingi ya kaunti haina kazi ya kumnunulia mtu raha zake. Wengi wanaosema hivyo hawana ukatili moyoni. Baadhi yao wamezika watoto wao.

Naamini wanakosea, na kosa lenyewe limejificha ndani ya neno moja: raha. Hoja yote imejengwa juu ya picha ya kijana aliyeonja kitu kitamu, akakipenda kuliko mamake na kuliko sala yake, na sasa anakifuata kwa mapenzi. Picha hiyo ingekuwa kweli, methadoni ingekuwa upuuzi, maana hakuna anayemtibu mlafi kwa kumpakulia. Lakini yale wanayoyajua leo wachunguzi wa ubongo yanaivunja picha hiyo. Unga humshika mtu kwa kumfundisha, tena kwa kupitia njia zile zile za ubongo ambazo mtoto hujifunzia kichochoro cha kwenda chuoni na mvuvi hujifunzia mwamba wenye samaki. Somo hilo hufungamana na mahali: ukuta fulani, harufu fulani, sura ya mtu, saa ya siku. Mtu aliyefunzwa mahali hawezi kuponyeshwa hewani. Lazima aponee pale pale alipojifunzia. Ndiyo sababu nasema kaunti yetu ya Kilifi iilipie kliniki hii kutoka mfukoni mwake, na iisogeze karibu zaidi na watu.

Unga si mgeni hapa. Uliingia miaka ya 1980 sambamba na utalii, ukiwa wa kahawia, wa kuvutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, na pamoja nao sindano. Shirika la Omari Project lilianza kuwasaidia waraibu Malindi mwaka 1995, wakati ambapo miji mingi ya nchi hii ilikuwa haijauona ugonjwa huu kuwa ugonjwa. Methadoni yenyewe ni kongwe zaidi. Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Katikati ya miaka ya 1960 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander, huko New York, walionyesha kwamba mraibu wa heroini akipewa dozi ya kutosha kila siku hutulia, hufanya kazi, na huacha kuzunguka mtaani kutafuta. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Kenya ikaanza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mapema mwaka 2015 ikafika Malindi.

Anayetaka kujua methadoni ni raha ya namna gani akasimame karibu na dirisha la dozi asubuhi moja. Mtu anajitambulisha, muuguzi anamtazama macho, anamuuliza jana amelalaje, kisha anapima kimiminika ndani ya kikombe kidogo cha plastiki. Anakinywa hapo hapo mbele yake. Anateremshia maji, anasema neno moja au mawili ili ijulikane amemeza, basi. Anageuka anakwenda zake: huyu ana mkokoteni unamsubiri, yule ana bodaboda, yule mama ana mtoto mgongoni. Hakuna anayesinzia, hakuna anayeelea. Ni foleni ya watu waliowahi dawa kama wanavyoiwahi wagonjwa wa presha.

Tuanze na huo utamu. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, James Olds na Peter Milner walipenyeza nyaya nyembamba ndani ya ubongo wa panya, wakawapa kitu cha kubonyeza wakitaka kujipa umeme kidogo. Panya wakabonyeza, wakabonyeza, mamia ya mara kwa saa. Watu wakahitimisha kwamba kituo cha raha kimepatikana, na ilipojulikana baadaye kwamba njia hizo hutumia kemikali iitwayo dopamini, dopamini ikabandikwa jina la homoni ya raha. Jina hilo lingali linazunguka kwenye simu zetu, mpaka kuna vijana wanaokaa siku nzima bila simu wakisema wanapunguza dopamini. Mwaka 1989 Kent Berridge na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walichapisha jambo lililopaswa kulifuta. Waliwaondolea panya karibu dopamini yao yote. Panya hao wakaacha kula kabisa. Wangekufa njaa na chakula kiko mbele ya pua. Lakini walipodondoshewa sukari mdomoni walijilamba kwa ladha kama panya yeyote mzima. Utamu ulikuwepo. Kilichoondoka ni hamu. Kiswahili hapa kiliitangulia maabara, kwa kuwa tangu hapo tuna neno la hiki na neno la kile, na sote tunajua mtu anaweza kuungua kwa hamu ya kitu kisichompa tena utamu wowote. Waulizeni waliovuta miaka kumi. Watawaambia utamu uliisha mapema sana, na kilichobaki ni kukimbizwa.

Dopamini basi kazi yake nini? Jibu lililo bora lilipatikana kwa nyani wa Wolfram Schultz, nchini Uswisi. Aliwadondoshea juisi huku akizisikiliza seli zao za dopamini. Juisi ikija kwa ghafla, seli zililipuka. Alipoanza kuwasha taa kabla ya juisi, baada ya muda mlipuko ulihamia kwenye taa, na juisi yenyewe ikapokelewa kimya. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zilinyamaza kuliko kawaida yake, dakika ile ile juisi ilipotarajiwa. Katika makala waliyoiandika pamoja mwaka 1997, Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza maana yake: dopamini hupima pengo kati ya ulichotarajia na ulichopata. Mvuvi wa hapa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ametega dema lake kwenye mwamba asioujua, akalivuta limejaa changu na tafi. Kesho yake mkono utapiga kasia kuelekea huko kabla akili haijaamua. Dema likiendelea kujaa kiasi kile kile, mshangao hufa na mazoea hubaki. Likija tupu, moyo hushuka, na hesabu husahihishwa. Kila kiumbe hujifunza hivyo. Heroini huivuruga hesabu hiyo kwenye shina: hushughulika na seli zinazozishikia breki seli za dopamini, na breki ikiachiwa dopamini hufurika, kila mara, liwe lilitarajiwa lisitarajiwe. Ubongo husoma kwamba dema limejaa kuliko ulivyotegemea. Kesho, limejaa kuliko ulivyotegemea. Mwaka wa tano bado unasoma hivyo hivyo, ingawa mwenye ubongo huo haoni ndani ya dema ila matope.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni amigdala, mafundo mawili madogo ya seli, moja kila upande wa kichwa, ndani, karibu na usawa wa sikio. Jina lina asili ya Kigiriki na maana yake ni lozi, kwa umbo lake. Nayo imepewa sifa isiyo yake: wengi huiita kitufe cha hofu. Sifa hiyo ilipata nguvu kutokana na mwanamke mmoja wa Marekani anayejulikana kwa herufi S.M. tu, ambaye ugonjwa wa nadra uliziharibu amigdala zake zote mbili. Watafiti walimpeleka kwenye nyoka na buibui, wakamwingiza kwenye nyumba ya kutishia watu, wala hakutishika. Lakini mwaka 2013 yeye na wagonjwa wengine wawili wenye hali kama yake walipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi, wote watatu walishikwa na hofu kuu. Hofu basi inaweza kuja bila amigdala. Kinachokosekana kwa watu hao ni kile kinachoiunganisha dunia ya nje na uzito wake: kwamba umbo hili lina sumu, kwamba sauti hii inatangulia maumivu. Amigdala ni msajili. Huweka alama kwenye vitu, ya shari na ya heri pia. Mtoto aliyeumwa na nge ndani ya kiatu hatavaa kiatu tena bila kukikung'uta, na harufu ya udi humrudisha mtu kwenye harusi ya miaka ishirini iliyopita na moyo ukamdunda. Kwa mvutaji wa unga alama huwekwa juu ya vitu vidogo ambavyo sisi hatuvioni: karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, mlio wa kiberiti, mtu fulani akipita na baiskeli. Amigdala hiyo ina njia za moja kwa moja kwenda akambensi, kituo ambako dopamini humiminwa. Huku alama ikiguswa, kule hamu inaitika.

Nimeona hilo likitokea. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alirudi kutoka nyumba ya marekebisho iliyo mbali na hapa baada ya miezi tisa bila kete hata moja. Alirudi amenenepa, ngozi inang'aa, mamake akachinja mbuzi. Siku ya tatu tulikuwa tunakwenda naye sokoni, tukakata njia kando ya gofu lenye mkwaju, ambapo zamani palikuwa maskani yao. Siku hiyo hapakuwa na mtu. Akapiga mwayo. Akapiga mwingine, na wa tatu. Macho yakaanza kumtoka machozi, pua ikachuruzika, malaika ya mikono yakamsimama, akashika tumbo na kuinama. Ilikuwa arosto, yale mateso ya mwili unaodai unga, arosto kamili, kwa mtu ambaye damu yake haikuwa na unga kwa miezi tisa. Mimi nilidhani anaigiza, nikamwambia maneno ninayoyajutia mpaka leo. Wiki mbili baadaye alikuwa amerudi gofuni.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba jambo hilo lina historia. Daktari Abraham Wikler alilieleza tangu miaka ya 1940 kwa wagonjwa wa hospitali ya waraibu huko Lexington, Kentucky, Marekani, waliokuwa wakiingiwa na dalili za arosto wakirudi tu mitaa yao ya zamani. Mwaka 1977 Charles O'Brien na wenzake walilithibitisha kwa majaribio: walileta arosto ndogo kwa dawa huku wakipiga mlio na kuachia harufu fulani, wakarudia mara kadhaa, kisha wakaondoa dawa. Mlio na harufu peke yake vikaleta machozi na mafua. Mwili ulikuwa umesoma.

Ukishalielewa hilo, hoja inayopigiwa kelele kuliko zote inageuka kuwa dhaifu kuliko zote, ile ya kwamba hawa dawa yao ni bakora, jela na aibu. Inasema: mtie mtu uchungu uzidi raha yake, ataacha. Ila baada ya miaka ya matumizi mtu havuti ili apae. Anavuta ili apate kutua. George Koob na wenzake wameonyesha kwa miongo kadhaa jinsi arosto inavyoziamsha sehemu za amigdala na jirani zake zinazoshughulika na dhiki, zikamwaga kemikali zile zile zinazomwagika mtu anapofukuzwa. Dhiki hiyo haiishi pamoja na zile siku chache za kutapika na kuharisha. Hubaki chini kwa chini kwa muda mrefu. Mtu wa hali hiyo ukimletea askari alfajiri, ukamvua shati mbele ya wadogo zake, ukamtangaza mwizi barazani, umeipuliza dhiki ile ile ambayo amefunzwa dawa yake ni moja tu. Mwaka 1995 Yavin Shaham na Jane Stewart waliwachukua panya waliokuwa wameshaacha kubonyeza kutafuta heroini, wakawapa mishtuko midogo ya umeme miguuni. Panya wakarudi kubonyeza. Sijui kama kuna baba anayeweza kusoma tokeo hilo na kuinua tena fimbo kwa moyo ule ule.

Jela nayo ina hatari inayoua waziwazi. Mwili huzoea kujiandaa kwa unga pale unapoona dalili za mahali pa kawaida, na maandalizi hayo ni sehemu ya ustahimilivu, yaani uwezo wa mwili kuhimili dozi uliyoizoea. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake waliwapa panya dozi kubwa ya heroini. Kati ya wasioizoea walikufa asilimia 96. Kati ya walioizoea lakini wakapewa mahali pageni walikufa 64. Kati ya walioizoea na kupewa mahali pao pa siku zote walikufa 32. Dozi ni moja. Sasa mfikirieni anayetoka jela, ustahimilivu umeshuka, anajidunga kiasi cha zamani chooni mwa watu, kwa haraka, mahali asipopazoea.

Hoja yenye nguvu ni nyingine, na lazima ipewe haki yake: wapo walioacha bila dozi ya mtu. Kila mmoja wetu anamjua mmoja. Ushahidi wake mkubwa ni wa askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Mwaka 1971 ilidhihirika kwamba karibu mmoja kati ya watano wa askari wa kawaida alikuwa mraibu wa heroini au afyuni, na serikali yao ikajiandaa kupokea msiba. Lee Robins akawafuatilia. Ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani, wale waliokuwa waraibu walioangukia tena uraibu walikuwa asilimia 5 tu, na ndani ya miaka mitatu 12. Anayesema akiamua ataacha hana silaha kali kuliko hiyo. Lakini itazameni tena. Walijifunzia Vietnam, wakaachia Marekani. Joto, matope, rafiki wa kuvuta naye, mwuzaji mwenyewe, kila kilichobeba alama kilibaki ng'ambo ya bahari. Kijana wa Malindi hana ng'ambo. Kichochoro alichojifunzia ndicho njia ya kwenda kwa bibi yake. Mwuzaji alisoma naye darasa moja. Anaposhuka dukani kununua maziwa ya mtoto, anapita Vietnam yake kila asubuhi.

Hapa ndipo ninapotofautiana hata na rafiki zangu wanaopenda suluhisho la kumhamisha mtu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mark Bouton, mtafiti wa Marekani, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba somo la zamani halifutwi ubongoni. Juu yake huandikwa somo jipya, na hilo jipya hung'ang'ania mahali lilipoandikiwa. Mnyama aliyefunzwa chumba kimoja, akasahaulishwa chumba cha pili, akirudishwa cha kwanza huanza upya kana kwamba hakusahaulishwa. Miezi tisa ya yule kijana ilimfundisha kitu cha kweli: kwamba huko alikokuwa, unga hauji. Kuhusu mkwaju haikumfundisha lolote. Tena muda wenyewe hauponyi kama tunavyodhani. Mwaka 2001 Jeffrey Grimm, Shaham na wenzao walionyesha kwa panya waliozoea kokeini kwamba hamu inayoamshwa na dalili iliongezeka kadiri siku za kutengwa zilivyokwenda, kwa muda wa miezi miwili. Sisemi nyumba za marekebisho zifungwe. Zimeokoa wengi, na kwa mtu wa bhangi, muguka au vidonge methadoni haina msaada. Nasema familia isichinje mbuzi mapema.

Tuje kwenye unga wa serikali. Wanaosema hivi wana ukweli mmoja mkononi: methadoni ni opioidi, ndugu wa heroini, na anayeikatisha ghafla atapata arosto, tena ndefu. Ina hatari pia, hasa wiki za mwanzo kabla dozi haijapatana na mtu, na hasa kwa anayechanganya na vidonge au pombe. Hayo asifichwe mzazi yeyote. Ila ukiielewa hesabu ya dema utaona kwa nini ndugu hawa wawili hawafanani tabia. Heroini ya sindano hufika ubongoni kwa sekunde, hupanda ghafla, na saa chache baadaye humwacha mtu kwenye arosto. Kwa hiyo kila siku mara tatu au nne somo linarudiwa, dalili kisha mlipuko, dhiki kisha faraja. Methadoni ya kunywa hupanda polepole kwa saa mbili mpaka nne, na hukaa zaidi ya siku nzima. Hakuna mlipuko wa kuufunga kwenye dalili yoyote, hakuna shimo la dhiki jioni. Kuna jambo la pili ambalo Dole na Nyswander waliliona mapema. Mtu aliye kwenye dozi ya kutosha akidunga heroini juu yake, karibu hasikii kitu, kwa kuwa milango ambayo heroini hupitia imeshakaliwa. Amekwenda maskani yake, na watu wake, kwa sindano yake, na dema limekuja tupu. Hakuna mahubiri yanayoweza kuusahihisha ubongo namna hiyo, na usahihisho huo unatokea Malindi, chini ya mkwaju wenyewe.

Matokeo yake yamehesabiwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliona kwamba walio kwenye methadoni walikufa kwa kiwango cha watu 11.3 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Wakiwa nje ya matibabu walikufa 36.1. Mara tatu. Kila dirisha la dozi likifungwa, hata kwa mwezi mmoja tu wa kungojea fedha, watu wanasukumwa kutoka namba ya kwanza kwenda ya pili, na wiki za mwanzo baada ya kuacha ndizo mbaya zaidi.

Na nia je? Watu wa imani, nami nikiwa mmoja wao, tunaipa nia nafasi ya kwanza, na hatukosei. Ubongo nao una pahali pake pa nia, nyuma ya paji la uso, sehemu zinazopima kesho na kuituliza amigdala. Sehemu hizo ndizo za kwanza kulegea mtu akiwa na njaa, akikosa usingizi, akiwa na hofu au akiwa kwenye arosto. Kumtaka mtu aamue vyema akiwa kwenye arosto ni kumtaka aogelee amefungwa mikono. Dozi inafungua mikono. Kuogelea anaogelea mwenyewe, na nimewaona wanaokunywa dozi wakishindwa kuogelea, kwa sababu nyumbani bado wanaitwa mateja na kazini hakuna anayewaachia hata ufagio.

Kwa hiyo ninachotaka kutoka kwa kaunti kinazidi kifungu kimoja cha bajeti. Methadoni iorodheshwe na kununuliwa kama insulini, isiwe ya kuombewa kila wafadhili wakibadili nia. Nalokisoni, dawa inayomrudisha aliyezidiwa na unga, iwe mkononi mwa wanaoishi karibu na maskani na siyo kabatini. Polisi waache kuwasubiri watu kwenye njia ya kwenda kliniki. Alama ya hofu ikishabandikwa kwenye lango la tiba, hakuna bango la afya litakaloibandua. Wauzaji wanaozengea njia hiyo hiyo ndio wa kushughulikiwa. Mwezi wa Ramadhani dozi ifuate futari. Na waliotulia miezi mingi wapewe dozi za kuchukua nyumbani, kwa uangalizi, kwa sababu maisha ya hapa hayaendi kwa saa za ofisi.

Yule kijana wa mkwaju ameingia mwaka wa pili kwenye dozi. Njia yake haijabadilika, na ananiambia mwayo humjia bado akipita pale, mmoja, kisha unakatika. Alikuwa mvuvi mzuri kabla ya haya yote. Msimu huu nahodha mmoja amekubali kumrudisha chomboni, lakini chombo hicho huondoka na kukaa baharini siku nne, na dozi ni ya kila siku, mbele ya muuguzi. Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa nitakwenda, na nitaanza na hizo siku nne.